Bawa Lisilo na Msuli: Kuielewa Mishipa ya Mabawa ya Wadudu

Mvua za kwanza zikishanyesha, asubuhi yake chini ya taa za barazani hubaki mabawa ya kumbikumbi yaliyomwagika ovyo. Okota moja ulielekeze kwenye mwanga. Utaona mistari miwili minene kwenye ukingo wa mbele, imekaa karibukaribu, halafu mingine hafifu inayotawanyika kwenda nyuma hadi inapotelea kwenye utando. Ukibahatika kupata bawa la kereng'ende, hapo mistari ni mingi mno: imekatizana na kuligawa bawa zima katika vyumba vidogo vidogo vinavyofika mamia. La mbung'o lina mistari michache iliyopinda, na katikati yake chumba kimoja chenye umbo la shoka.

Wote watatu wanaruka. Kama kazi ni ileile, mbona michoro imeachana hivyo?

Jibu linaanzia kwenye jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona: ndani ya bawa la mdudu hamna msuli hata mmoja. Ndege hukunja kiwiko na kifundo cha bawa lake, na popo ana vidole ndani ya bawa, anavikunja na kuvikunjua akiwa angani. Mdudu hana uwezo huo. Misuli yake yote ya kurukia imo kifuani, na inachoweza ni kulisukuma bawa, kulivuta na kulizungusha kutoka shinani. Kuanzia hapo hadi nchani, bawa limeachiwa upepo. Litapinda wapi, litakaza wapi, litajisokota kiasi gani linaposhuka na kiasi gani linapopanda, hayo yote yameshaamuliwa na jinsi mishipa yake ilivyopangwa: upi mnene, upi mwembamba, upi umeunganishwa na mwenzake kwa kiungo kigumu na upi kwa kiungo laini. Msomaji akilishika hili moja, ile michoro inaanza kusomeka.

Mshipa wenyewe ni kitu gani

Tusiufikirie mshipa wa bawa kama ule unaouona mkononi mwako. Wa mkononi ni laini na kazi yake ni kupitisha damu tu. Wa bawa ni mrija mgumu, uliojengwa kwa kitini na protini, vitu vilevile vinavyojenga gamba la mdudu. Bawa lenyewe ni mkunjo wa ngozi ya kifua uliojitokeza nje na kubanana: tabaka la juu na tabaka la chini yamegandana. Sehemu zilizogandana ndizo utando, ambao mara nyingi unene wake ni maikromita chache tu, yaani sehemu chache tu ukiigawa milimita moja mara elfu. Sehemu ambazo tabaka hizo zimeachana na kuacha uwazi kati yake, kuta zikanenepa, ndiyo mishipa.

Ndani ya uwazi huo mna damu ya mdudu, ambayo kwa wadudu wengi si nyekundu kwa sababu haibebi oksijeni. Kazi hiyo hufanywa na mirija ya hewa inayosambaa mwilini, na baadhi ya mirija hiyo hupita humohumo kwenye mishipa ya mabawa. Hupita pia neva. Watu wengi hudhani bawa ni kitu kikavu kisichohisi, kumbe juu ya mishipa kuna vihisio vidogo vinavyopima jinsi bawa linavyopinda na kupeleka habari kifuani.

Umuhimu wa damu hiyo unaonekana vizuri pale mdudu anapotoka kwenye ngozi yake ya mwisho. Kipepeo anayejitoa kwenye kifuko chake ana mabawa yaliyokunjamana, laini, yenye unyevu. Hutafuta mahali pa kuning'inia, kisha husukuma damu kwenye mishipa, na mabawa hujikunjua kwa shinikizo hilo. Baadaye homoni iitwayo bursikoni huamrisha gamba likauke na kukaza. Ikitokea kizuizi katika muda huo mfupi, bawa hugandia kwenye mikunjo yake na mdudu huyo hataruka maisha yake yote, kwa kuwa wadudu wazima karibu wote hawajibambui tena.

Hata baada ya kukauka, damu haikatiki kabisa. Kifuani kuna pampu ndogo ambazo wataalamu huziita mioyo ya mabawa. Kwa kawaida damu hutoka kwa mishipa ya mbele, hufika nchani na hurudi kwa mishipa ya nyuma. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Columbia na Harvard, Marekani, walionyesha kwa kamera za joto kwamba sehemu hai za bawa la kipepeo, yaani mishipa na vifuko vya harufu, hutoa joto kwa urahisi zaidi na hivyo hubaki na ubaridi kuliko utando ulio pembeni yake. Tena kipepeo akimulikwa mwanga mkali kwenye bawa hugeuka kuukwepa. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa, kwa sababu vitabu vingi vya shule bado vinalieleza bawa kana kwamba uhai wake uliishia siku lilipokauka.

Majina sita yanayofungua mlango

Kinachowafukuza watu kwenye somo hili ni majina. Katika karne ya 19 mtaalamu wa nzi alikuwa na orodha yake, wa nyuki na yake, wa vipepeo na yake. Mshipa mmoja ukaitwa majina matano. Mwaka 1886 Josef Redtenbacher wa Austria alijaribu kuyalinganisha mabawa ya makundi mbalimbali kwa kutazama ni mishipa gani imeinuka na ipi imezama. Kisha Wamarekani wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, John Henry Comstock na James George Needham, wakachapisha kuanzia mwaka 1898 mfululizo wa makala uliopendekeza mpango mmoja kwa wadudu wote. Hoja yao ilikuwa kwamba mabawa yote yametokana na bawa moja la kale, kwa hiyo mshipa wa nzi na mshipa wa panzi ukilingana asili, sharti uitwe jina moja. Walifuatilia mirija ya hewa kwenye mabawa machanga ili kujua kila mshipa unatoka wapi. Njia hiyo baadaye ilionekana haifai kutegemewa peke yake, kwani mrija wa hewa huweza kuhama na kuingia mshipa usio wake, lakini majina yao yamedumu.

Ni sita. Anza ukingo wa mbele: mshipa uliojenga ukingo huo ni kosta. Nyuma yake, umezama bondeni, ni subkosta. Unaofuata umeinuka, na kwa wadudu wengi ndio mnene na wenye nguvu kuliko yote: huo ni radiusi, nao hutoa matawi kuelekea nchani. Katikati ya bawa kuna media, kisha kubitusi, na mwisho kabisa, karibu na mwili, kuna mishipa ya nyuma ambayo huandikwa kwa herufi A. Katika michoro utaona C, Sc, R, M, Cu na A. Ukikuta R4+5, maana yake ni kwamba tawi la nne na la tano la radiusi yameungana kuwa mshipa mmoja. Mishipa mifupi inayopita kati ya mishipa mirefu kwa kuikatiza ni mishipa mtambuka, na eneo lolote la utando lililozungukwa na mishipa huitwa chumba.

Basi. Ukiwa na hayo unaweza kulisoma hata bawa lililogeuka jiwe. Wadudu wa kale mara nyingi hubaki mawe ya bawa tu, mwili ukiwa umeoza zamani, na wanaochunguza visukuku huwapanga kwa mishipa. Mwaka 1885 Charles Brongniart wa Ufaransa alieleza mdudu aliyemwita Meganeura, jamaa wa mbali wa kereng'ende, kutoka machimbo ya makaa ya mawe ya Commentry. Aliishi takriban miaka milioni 300 iliyopita na upana wa mabawa yake ulifika kama sentimita 65 hadi 70.

Migongo na mabonde

Nilisema subkosta imezama na radiusi imeinuka. Huo si urembo. Chukua bati bapa lisilo na migongo, ulishike upande mmoja: litaning'inia na kuyumba. Bati hilohilo likipigwa migongo hukaa limenyooka, ingawa uzito haujaongezeka hata kidogo. Halipindi tena kwa kufuata urefu wa migongo, ila bado unaweza kulikunja kwa upande mwingine. Bawa la mdudu limejengwa kwa kanuni hiyo. Mshipa mmoja juu ya mgongo, unaofuata kwenye bonde, mwingine juu ya mgongo, hasa katika nusu ya mbele ambako mzigo wa hewa ni mkubwa.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2003 Stacey Combes na Thomas Daniel walipima mabawa ya aina 16 za wadudu wakakuta kwamba ukaidi wa bawa dhidi ya kupinda, ukipimwa kutoka shinani kwenda nchani, ni mkubwa mara 10 hadi 100 kuliko ukipimwa kutoka ukingo wa mbele kwenda ukingo wa nyuma. Tofauti hiyo ndiyo siri ya bawa lote. Lina uti mgumu kwa urefu ili lisivunjike linapopigwa, na lina ulaini kwa upana ili lijipinde.

Kwa nini lijipinde? Linaposhuka, hewa husukuma kutoka chini. Mishipa ya mbele haikubali, ila matawi membamba ya nyuma hukubali kidogo. Kwa kuwa matawi hayo yametoka kwenye mshipa wa mbele kwa mshazari, kusukumwa kwake hulisokota bawa na kulifanya litune juu na kubonyea chini. Umbo hilo ndilo linalozaa nguvu ya kuinua vizuri zaidi. Mdudu hakuamrisha lolote. Hewa ilisukuma na mishipa ikajibu. Roland Ennos alilieleza jambo hilo kwa hesabu mwaka 1988, na Robin Wootton wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kila mstari unaopinda na kila kiungo kwenye bawa kina sababu ya namna hiyo. Linapopanda, mambo hugeuka: mistari maalumu ya kupinda, ambayo imekatiza mahali mishipa ilipokuwa dhaifu, huruhusu sehemu ya nje au ya nyuma ya bawa kulegea ili lisiusukume mwili kwenda chini.

Mtu anaweza kuuliza kama migongo na mabonde hayo hayaichafui hewa inayopita juu ya bawa. Mhandisi yeyote wa ndege angeogopa uso wenye makunyanzi hivyo. Mwaka 1975 C. J. C. Rees alipima umbo la bawa lenye makunyanzi akakuta halipotezi chochote cha maana: kwa mwendo na ukubwa wa mdudu, hewa hunaswa mabondeni ikazunguka humo, na hewa nyingine hupita juu yake kana kwamba uso ni laini.

Kereng'ende wa kaskazi

Hakuna mdudu anayeonyesha hesabu hizi vizuri kama kereng'ende. Tazama katikati ya ukingo wake wa mbele: kuna fundo, mahali ambapo subkosta huishia na ukingo kugawanyika vipande viwili. Fundo hilo huzuia bawa lisipinde mahali pabaya, papo hapo likiiruhusu nusu ya nje ijisokote. Kwenye viungo vya mishipa mtambuka na mishipa mirefu kuna protini inayonyumbuka iitwayo resilini. Mdenishi Torkel Weis-Fogh ndiye aliyeitambulisha mwaka 1960, alipoikuta kwenye kiungo cha bawa la nzige wa jangwani na kwenye kano la kereng'ende. Ikivutwa hurudi ilivyokuwa na karibu haipotezi nguvu yoyote. Mwaka 1999 Stanislav Gorb aliionyesha ndani ya viungo vya mishipa ya jamaa mdogo wa kereng'ende. Kiungo chenye resilini hupinda. Kisicho nayo husimama imara. Kwa kugawa viungo laini na vigumu, bawa limepangiwa wapi likubali na wapi likatae.

Karibu na ncha ya kila bawa kuna doa jeusi au la kahawia, chumba kimoja kidogo kilichojaa na kunenepa. Nililidhani kwa muda mrefu kuwa pambo, kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1972 R. Åke Norberg wa Sweden alieleza kazi yake. Bawa lolote jepesi likienda kasi bila kupigwa huanza kutetemeka kwa namna inayojikuza yenyewe, hadi mrukaji ashindwe kulitawala. Doa hilo ni uzani uliowekwa mbele ya mstari ambao bawa hujisokotea, nao huuzima mtetemo huo kabla haujaanza. Katika kereng'ende aliyempima, madoa yote pamoja hayakuzidi takriban asilimia 0.1 ya uzito wa mwili, lakini yaliongeza kwa asilimia 10 hadi 25 kasi ambayo anaweza kuielea bila mtetemo.

Kuelea ndiko kunakotuleta pwani yetu. Kuna kereng'ende wa rangi ya manjano ya dhahabu, jina lake la kisayansi Pantala flavescens, ambaye hutokea kwa makundi makubwa Afrika Mashariki wakati wa mvua. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldives, aliona kwamba kila mwaka karibu na Oktoba makundi hayo hutua kwenye visiwa hivyo, ambavyo karibu havina maji yasiyo na chumvi juu ya ardhi ya kutagia mayai. Mwaka 2009 alichapisha hoja kwamba wanatoka India, wanabebwa na pepo za juu za kaskazi, na wanavuka bahari hadi Afrika Mashariki, safari ya zaidi ya kilomita 3,000, kisha vizazi vinavyofuata hurudi na pepo za kusi. Mdudu mwenye uzito kama theluthi ya gramu hawezi kuvuka Bahari ya Hindi kwa kupiga mabawa mfululizo, lazima aelee. Tazama bawa lake la nyuma: shina limepanuka mno, na eneo hilo pana limetandikwa mishipa ya A iliyogawanyika vyumba vingi, ili utando mkubwa usipepesuke. Majahazi yalitumia msimu uleule na upepo uleule.

Mahali ufa unapokomea

Wingi wa mishipa mtambuka una faida nyingine, na hii ilipimwa kwa nzige wa jangwani, yuleyule aliyevamia Kenya, Somalia na Ethiopia kwa makundi makubwa mwaka 2020. Nzige huruka umbali mrefu sana, na bawa likichanika halishonwi. Jan-Henning Dirks na David Taylor wa Trinity College, Dublin, walilichana bawa la nyuma la nzige kwa uangalifu huku wakipima nguvu iliyotumika, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Utando wenyewe huchanika kwa urahisi. Ufa ukifika kwenye mshipa mtambuka, husimama, na inahitajika nguvu zaidi kuupitisha. Kwa jumla mishipa hiyo huongeza uwezo wa bawa kuhimili ufa kwa asilimia 50.

Kilichonivutia zaidi ni kipimo cha vyumba. Kila kitu kinachochanika kina urefu fulani wa ufa ambao ukivukwa, ufa huanza kukimbia wenyewe. Kwa utando wa nzige urefu huo ni milimita moja na kidogo, na vyumba vingi vya bawa lake vina ukubwa unaokaribia hapohapo. Vingekuwa vikubwa zaidi, ufa ungepata nafasi ya kukimbia kabla ya kukutana na mshipa. Vingekuwa vidogo zaidi, mishipa ingekuwa mingi na bawa lingekuwa zito bila faida inayolingana.

Walioipunguza mishipa

Kama mishipa mingi ina faida hizo zote, kwa nini nzi, mbu na nyuki wana michache? Kwa sababu ya kasi. Kereng'ende mkubwa hupiga mabawa kama mara 30 kwa sekunde. Nyuki wa asali hupiga zaidi ya 200 na mbu zaidi ya 400. Kwa kasi hiyo, uzito wowote ulio nchani ni gharama kubwa, maana unatakiwa kusimamishwa na kurudishwa mara mia kadhaa kila sekunde. Wadudu hawa wamesukuma mishipa yao minene mbele na karibu na shina, wakaacha sehemu ya nyuma na ya nje utando karibu mtupu. Nyuki na nyigu wameongeza jingine: safu ya vindoano kwenye ukingo wa mbele wa bawa la nyuma, vinavyonasa kwenye mkunjo wa bawa la mbele, na mabawa manne yakapiga kama mawili. Nzi na mbu wamelipunguza kabisa bawa la nyuma likawa kirungu kidogo cha kupimia mizunguko ya mwili angani.

Mbawakawa ameligeuza bawa la mbele kuwa kifuniko kigumu na kulificha la nyuma chini yake likiwa limekunjwa; mishipa yake ina mapengo palepale mikunjo inapopita, na mingine hufanya kazi ya springi ya kulifungua.

Kumbikumbi ana dharura tofauti na hawa wote. Anahitaji kuruka mara moja tu maishani, atue, apate mwenzi na kuchimba. Karibu na shina la kila bawa kuna mstari dhaifu uliopita juu ya mishipa yote, na akishatua bawa hukatikia hapo, kikabaki kigutu kidogo cha pembetatu. Kwa mrukaji wa usiku mmoja haifai kujenga bawa la thamani: ukingo wa mbele umeimarishwa kiasi cha kufikisha safari, mengine yameachwa hafifu. Ndiyo maana mabawa yale ya barazani karibu yote yamekatika mahali pamoja, tena kwa mkato ulionyooka.

Mchoro unachorwa lini

Mchoro wa mishipa huanza mdudu angali funza. Aliyechunguzwa kuliko wote ni nzi wa matunda, Drosophila, ambaye bawa lake lina mishipa mirefu mitano na mishipa mtambuka miwili. Ndani ya funza kuna bamba dogo la seli litakalokuwa bawa, na seli hizo hupashana habari kwa kemikali. Jeni moja huamuru upande wa mbele na wa nyuma vitofautiane, nyingine husambaza ishara kutoka mpakani, na pale viwango vya ishara vinapofikia kiasi fulani seli huambiwa: ninyi ni mshipa. Kisha jeni iitwayo Notch huzizuia seli za jirani zisifuate mkumbo, la sivyo mshipa ungenenepa kupita kiasi. Notch iligunduliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kutokana na nzi wenye pengo kwenye ukingo wa bawa. Leo inajulikana kwamba binadamu tuna jeni za ukoo huohuo, na hitilafu zake zimo katika baadhi ya saratani za damu. Anayedhani kusoma mishipa ya nzi ni kupoteza muda afikirie hilo.

Kwa kereng'ende na panzi wenye vyumba mamia, jeni haziwezi kuagiza kila mshipa mdogo mahali pake. Mwaka 2018 kundi la Harvard, akiwemo Jordan Hoffmann, lilionyesha kwa kompyuta kwamba inatosha kudhani mishipa mikuu imeshawekwa, kisha kati yake vikatokea vituo vinavyosukumana na kuzuia mshipa usipite karibu. Mishipa midogo hutokea pale maeneo ya vituo viwili yanapokutana. Vyumba vinavyopatikana kwa hesabu hiyo hufanana sana na vya kweli. Ndiyo sababu mishipa mikuu ya kereng'ende wa aina moja hulingana, ilhali vyumba vidogo vya bawa lake la kushoto havilingani kamwe na vya bawa lake mwenyewe la kulia.

Kumtambua mdudu kwa bawa lake

Kwa kuwa mishipa mikuu haibadiliki ovyo ndani ya aina moja, bawa limekuwa kitambulisho. Mbu wa Anopheles wengi wana magamba meusi na meupe yaliyopangwa juu ya mishipa kwa madoa, na wataalamu wa malaria huhesabu na kulinganisha madoa hayo chini ya hadubini ili kumtenga funestus na kundi la gambiae, Anopheles wawili wanaoeneza sana malaria Afrika. Njia hiyo ina mpaka wake: ndani ya kundi la gambiae zimo aina ambazo bawa haliwezi kuzitenga, na hapo lazima upime vinasaba. Kwa nyuki, F. G. Smith, aliyefanya kazi Tanganyika, alieleza mwaka 1961 nyuki wa milimani na nyuki wa mwambao kuwa jamii mbali na yule wa nyanda. Wanaopima jamii za nyuki siku hizi hutumia, pamoja na ukubwa na rangi, pembe zinazofanywa na mishipa ya bawa la mbele inapokutana.

Mbung'o ndiye rahisi kuliko wote. Lile shoka la katikati ya bawa, linalotokana na jinsi mshipa wa nne unavyopinda ghafla kwenda mbele, hana nzi mwingine yeyote. Mfugaji akimkuta nzi mezani na hajui kama ni wa kawaida au ni yule anayeleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, lenzi ndogo ya mkononi inatosha.

Bawa hilo linasema pia umri. Ukingo wake wa nyuma hauna mshipa mnene wa kuulinda kama kosta inavyolinda ukingo wa mbele, na utando wake haujikarabati, kwa hiyo kila siku ya kuruka vichakani huuchana kidogo. Mtafiti wa mbung'o C. H. N. Jackson, aliyefanya kazi Tanganyika, alitoa mwaka 1946 kipimo cha ngazi sita kwa madume: ngazi ya kwanza ukingo ni mzima, ya sita umechanika vibaya. Unapanga mabawa ya madume walionaswa, unapata wastani, na wastani huo unakuambia kundi zima lina umri gani. Habari hiyo ina uzito, kwani vimelea vya malale na nagana huchukua muda kukomaa ndani ya mbung'o, na mbung'o anayekufa mapema hana nafasi ya kuviambukiza. Mitego na dawa zikifanya kazi, wanaobaki hawaishi muda mrefu, na mabawa yanayoletwa maabara huwa na kingo nzima zaidi kuliko yale ya kabla.